Injini ya Gredi ya Pili

Mzee wangu Nyamweya,

Nimekukaidi. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana ungekuwa hai ungeshalisikia kwa watu wa Gesima, na ungekuwa unanisubiri gerejini na ile sura yako.

Wiki tatu baada ya kukuzika, lori lilikufa. Lile lori lako la jeshi ulilonunua mnadani likiwa bado na rangi ya kijani na mabenchi ya askari, likatubebea majani chai miaka yote hii. Injini iligonga mara mbili mlimani, ikanyamaza. Onchari, kifungua mimba wako, akasema liuzwe kama vyuma chakavu. Mama Onchari aliingia ndani akalia, nami nikalia gerejini, kwa sababu bila lori nina spana tu, sina kazi. Kesho yake akatoka akasema tutafute injini nyingine, mara hii moja. Ikishindwa, lori liende na gereji ifungwe.

Akaniachia mimi nichague. Mimi Moraa, uliyenianzisha kwa kuosha vyuma, ukanifundisha kula ndizi kwa kushika ganda tu kwa sababu ya mikono ya oili, kabla hujanifundisha kushika spana.

Nikaenda Kisii kwa yule Mhindi wa duka la spea, aliyekuwa akikutania kwa Ekegusii. Alikuwa na injini tatu zinazoingia lori letu, zote zimetoka kwenye magari ya jeshi. Gredi ya kwanza ilikuwa imefunguliwa yote, silinda zimechongwa upya, pistoni mpya, rangi inang'aa. Ya pili ilibadilishwa pete za pistoni na beringi tu. Ya tatu ilioshwa, ikapakwa rangi, labda na kuombewa. Hiyo ndiyo aliyoitaka Onchari, kwa urahisi wa bei.

Kauli yako naijua: "Chukua ya kwanza au rudi nyumbani." Uliisema hata tukinunua betri. Lakini ni wewe pia uliyenizoesha kufungua injini kabla ya kumwamini mtu. Nikaomba kufungua. Mwenye duka akakunja uso, kisha akacheka. "Huyu ni wa Nyamweya kabisa. Fungua, lakini gasketi utaleta wewe."

Mzee, juu ya pistoni za ile ya kwanza nilikuta namba ya saizi ya mwisho. Ilikuwa imechongwa mara nyingi hadi kuta za silinda zimebaki nyembamba. Ingevuta, sikatai. Lakini kwa mzigo wetu na milima yetu ingechemka, na ikichakaa hakuna fundi ambaye angeweza kuichonga tena. Ile ya pili ilikuwa bado na saizi ya kiwandani. Nikapitisha kidole ndani ya kila silinda, kule juu, nikitafuta ile ngazi ndogo ambayo pete huiacha zikishakula chuma. Niliipata kwa shida. Nadhani gari lake lilikaa kambini likisubiri vita ambavyo havikuja.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikohoa nikikosea? Ulikohoa tu, nami nikaanza upya. Nilisimama pale dukani na kidole cheusi, nikisubiri kikohozi chako. Nikasubiri kweli, kama mjinga. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa. Msibani nilikuwa nahudumia wageni tu.

Nikachukua ya pili.

Jumamosi tulilijaza lori majani chai hadi juu. Mama Onchari akapanda mbele na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akakataa kushuka. Onchari akatufuata kwa pikipiki, bila shaka ili atuone tukikwama. Barabara ilikuwa tope tupu. Mlimani nikaingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, macho kwenye geji ya joto. Mshale ukapanda kidogo, ukatulia. Tukafika juu. Mama Onchari alikuwa amenishika mkono wa shati, akasema polepole, "Mwambie." Sikumuuliza nimwambie nani.

Ndiyo maana nakuandikia.

Onchari hasemi tena habari za vyuma chakavu. Jana alikuja kuuliza kama tunaweza kubeba ndizi za Magwagwa siku ambazo hakuna majani. Nikamwambia alete mteja kwanza. Ungenikoholea kwa hilo, lakini alicheka, na ameshampata mmoja.

Naahidi hivi: injini hii ikichoka, nitaichonga mwenyewe, kiasi kinachohitajika tu, ili fundi atakayekuja baada yangu naye akute chuma cha kufanyia kazi.

Pumzika sasa. Lori linapanda bila wewe, Mzee. Inaniuma, na nimefurahi.

Ni mimi,
Moraa