Uji wa Yule Mama

Malaba, Jumamosi

Na alikuwa ameniambia wazi, yule mama wa Uganda. Alinishika mkono pale sokoni: "Dada, usiite watu. Nimevuka jana, wananitafuta." Nikamwambia asiogope, hapa ni Kenya, nikakimbia kumletea uji.

Kurudi, mchungaji wetu ameshamsimamisha katikati ya soko, ngoma inalia, watu wamejaa. Ndiyo desturi yetu, mgeni anaombewa kwanza halafu anakula. Alikuwa amejifunika leso mpaka machoni, mtoto mgongoni.

Ningeweza kusema neno. Nikafumba macho kama wengine.

Kusema amina, hayuko, yeye na mtoto; kama alikimbia au alichukuliwa, sijui.

"Bwana atamlinda," mchungaji akasema.

Labda. Lakini sisi ndio tulimwonyesha kwa watu. Uji umeganda kwenye kikombe hapa mezani, na siwezi kuumwaga.