Kisiwa cha Madame Fumi na Kimya Changu

Anderlecht, Bruxelles
Jumamosi asubuhi, mwisho wa Agosti

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama na wote walio uani. Macho yako yanaendeleaje? Mama aliniambia kwamba siku hizi unatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, na miwani yako umemwazima jirani. Tafadhali idai, uivae. Na presha ya Mama je? Anakunywa dawa zake au anazitazama tu? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio ulioniketisha hapa kuandika.

Najua utashangaa kupokea karatasi, wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Lakini Baba, simu hiyo Shangazi Mwajuma huishika yeye, na upande wenu sauti huwa imefunguliwa, ua mzima unasikiliza. Ukiniuliza, "Uko sawa, mwanangu?" nasema, "Niko sawa, Baba," na watu wote wanajibu alhamdulillahi. Nimesema hivyo miaka minne. Kwa hiyo nimempa Mama Sada, yule wa Buyenzi mtaa wa nyuma yetu huko nyumbani, anayerudi huko Jumanne, bahasha hii akuwekee mkononi wewe mwenyewe.

Shule nimemaliza, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Liège, mji ulio kama saa moja kutoka hapa kwa treni. Wewe uliambiwa nimeamua kupumzika mwaka mmoja. Shangazi hakukudanganya. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Siku tuliyofanya kisomo cha kushukuru kufaulu kwangu, sebule ilijaa wanawake. Nilikuwa nimesimama na sinia la sambusa. Shangazi akasema, kwa furaha kabisa, "Bon, sasa mwanangu atapumzika mwaka mmoja, anishikie nyumba na kazi mpaka mgongo wangu upone. Au sivyo, Zuhura?"

Niliangalia sinia. Maneno yalikuwepo, lakini hayakupanda.

Mgeni mmoja akacheka. "Mwacheni, ameona haya! Kimya cha msichana ni ndiyo yenyewe."

Mwingine akadakia, "Hata mimi niliozwa hivyo hivyo, natazama mkeka. Na sasa nina watoto sita!"

Wakacheka wote, wakachukua sambusa. Ikawa nimekubali. Ndivyo tulivyolelewa, Baba. Mtoto hasemi "sitaki" mbele ya wageni, na mkubwa akiona umenyamaza anajua umeridhia. Shangazi alikisoma kimya changu kama alivyofundishwa kukisoma, na Jumapili ile akakuambia alichosoma.

Sasa siku zangu ziko hivi. Tunakaa ghorofa ya tisa. Lifti ikiharibika Shangazi hatoki kabisa, mimi ndiye ninayepanda na kushuka. Hasani na Huseni, mapacha wa Shangazi, wametimiza miaka mitatu, na mmoja akilala mwingine anaamka, kana kwamba wamepangiana zamu. Dirisha la jikoni linatazama jengo lingine kama letu, na huko kuna mwanamke anayeosha vyombo saa ile ile ninayoosha mimi. Hatujawahi kupungiana mkono. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakwenda kufanya usafi Auderghem, kwenye nyumba alizokuwa akifanya Shangazi kabla ya mgongo. Naingia metro upande huu wa mji, natokea upande wa pili, na sehemu kubwa ya njia iko chini ya ardhi. Nikirudi, mapacha wananingoja mlangoni.

Sisemi nateswa. Nakula, navaa, naitwa mwanangu. Shangazi analea peke yake na maumivu yake si ya kuigiza, nayaona anapojaribu kufunga viatu. Ndiyo maana ni vigumu kueleza. Mtu aliyefungiwa kwa kufuli anaweza kupiga kelele na majirani wakaja. Mimi nimefungiwa na watu walionitendea wema, nitapiga kelele gani?

Katika nyumba za Auderghem kuna moja ya bibi wa Kijapani, mjane wa Mbelgiji. Umri wake umepita themanini. Tunamwita Madame Fumi. Siku ya kwanza aliniwekea chai, ile chungu ya kijani isiyotiwa sukari. Nikasema, "Asante, nimeshiba," kama ulivyotufundisha, nikingoja anikaribishe tena. Yeye naye hakugusa kikombe chake, alikuwa anangoja mgeni aanze. Tukakaa tunatazamana. Mvuke ukaisha, chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Mtoto, tukiendelea na adabu hivi tutakufa kiu wote wawili." Nikacheka mpaka nikamwaga. Tangu siku hiyo nikimaliza kazi tunakaa kidogo, na mimi ambaye siongei, kwake naongea.

Ukutani ana picha iliyopigwa kutoka angani. Nilidhani ni bakuli lililotupwa baharini. Akaniambia ndiko alikozaliwa, kisiwa kinaitwa Aogashima. Nilikwenda kukitafuta kwenye atlasi yangu ya shule. Palikuwa na rangi ya buluu tu.

Aliposikia hivyo, akachukua bakuli kubwa jikoni akaweka kikombe kidogo ndani yake, kifudifudi. "Ukingo wa bakuli ni majabali," akasema. "Nje yake bahari, pande zote, na hakuna pwani hata ya kuanika nguo. Ndani ni shimo la mlima wa moto. Na kikombe hiki ni kilima kingine, ndani ya shimo." Watu wanakaa juu, karibu na ukingo, upande wa kaskazini. Hawafiki mia mbili. Ndani ya shimo ardhi inatoa mvuke kwenye nyufa, na watu huweka viazi vitamu na mayai juu ya mvuke huo mpaka viive, bila kuni wala makaa. Kwa utawala ni sehemu ya Tokyo, lakini kutoka Tokyo unakwenda kwanza kisiwa kingine kiitwacho Hachijo, na kutoka Hachijo unangoja bahari ikubali. Isipokubali, meli inafika karibu, inageuka, inarudi ilikotoka.

Nilimuuliza watu waliwezaje kukaa mahali pa namna hiyo. Akasema, "Tuliwahi kufukuzwa."

Ilikuwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ndani ya shimo kulikuwa na maziwa madogo, maji yake yakaanza kupanda na kuchemka. Baadaye mlima ukalipuka. Mashua zikaja kutoka Hachijo kuchukua watu, lakini hazikutosha. Waliobaki, zaidi ya mia moja, walikufa. Waliookolewa walikaa Hachijo karibu miaka hamsini. Walilima ardhi ya wenzao, wakati hata wenyeji hawakuwa na chakula cha kutosha. Walijaribu kurudi, mashua zikachukuliwa na dhoruba. Wakajaribu tena. Waliporudi hatimaye, wengi wao walikuwa wamezaliwa ugenini, wanarudi mahali ambapo hawajawahi kupaona.

"Bibi yangu alikuwa akisema," Madame Fumi akaniambia, "kwamba wenyeji walishangaa sana walipoanza kuondoka. Walidhani wamezoea, kwa sababu hawakuwa wakilalamika."

Baba, hapo nilikukumbuka wewe. Ulitusimulia kuhusu kambi ya Tanzania, ulipokuwa mdogo, na yule mtu aliyekuwa akimsifu Babu kuwa mkimbizi mzuri kwa sababu haombi kitu. Ulisema Babu aliitikia kwa tabasamu, akirudi kwenye hema anakaa bila kula. Nilikuwa mtoto, sikuelewa kwa nini mtu asile baada ya kusifiwa. Siku hiyo Auderghem, na kitambaa cha vumbi mkononi, nilielewa.

Nikamuuliza Madame Fumi yeye aliondokaje. Akaniambia kwamba kisiwani hakuna shule ya juu. Ukifika miaka kumi na mitano na unataka kuendelea, unaondoka. Basi alifungasha, mama yake akapika chakula cha kuaga, majirani wakalia. Meli ikatokea, ikashindwa na mawimbi, ikarudi. Baada ya siku kadhaa wakapika tena, wakalia tena, meli ikarudi tena. Mara ya tatu jirani mmoja alimkuta njiani na mzigo wake akamwambia, "Wewe bado upo? Sisi machozi tumemaliza!"

Siku bahari ilipotulia, ilitulia saa chache tu, na mama yake alikuwa shambani mbali. Baba yake akamwambia, "Shuka sasa. Ukingoja kumuaga mama yako, mwezi ujao utakuwa bado unamuaga." Akateremka jabali, akapanda mashua ndogo mpaka kwenye meli, bila kumuaga mama.

"Alikasirika?" nikauliza.

"Miaka miwili," akasema. "Halafu akanitumia viazi."

Jumatano iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuijibu shule ya Liège. Nilitoka kwa Madame Fumi, nikasimama nje ya kituo cha metro, nikapiga simu. Mwanamke akaniuliza, "Mademoiselle, unakuja au huji?" Nikanyamaza. Akasema, "Allô? Upo? Nina kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana, cha kimya sina." Nikasema, "Nakuja." Sauti ilitoka kubwa mno, mpaka mzee mmoja akageuka pamoja na mbwa wake.

Nimejibu kabla ya kupata ruhusa yako. Hilo ni kosa, na sitalifunika kwa hadithi ya kisiwa.

Kesho yake nilikuwa namchua Shangazi mgongo kwa ile dawa ya pilipili. Sikuwa nauona uso wake, na nadhani ndiyo maana niliweza. Nikasema, "Shangazi, nimewaambia Liège nakwenda."

Misuli yake ilikakamaa chini ya vidole vyangu. "Lini ulisema hutaki kukaa hapa?"

"Sikusema."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza mbele ya watu."

"Nikuulize wapi, bafuni?" Mapacha wakacheka, wanapenda neno bafuni. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi nilidhani unaogopa kuondoka, mtoto mwenye haya kama wewe. Nikasema nimpe sababu ya kubaki." Nikaanza kulia, machozi yakawa yanamdondokea mgongoni. Akasema, "Usilie juu ya dawa, itaniunguza." Baadaye, akiwa amevaa, akaniita. "Sikiliza, Zuhura. Uwanja wa ndege baba yako alichukua mkono wako akauweka katika wangu. Akasema, huyu ni wako, sitauliza tena. Mimi siwezi kuuachia mkono huo kwa kuwa wewe umepiga simu. Aliyenikabidhi ndiye atakayeniomba. Na mimi sitampigia kumwambia aniombe. Mwambie mwenyewe."

Ndiyo hali niliyo nayo, Baba. Shule ina jina langu, na mlango hapa haujafungwa, lakini siwezi kuupita. Masomo yanaanza katikati ya Septemba. Uliposema hutauliza tena ulikuwa unampa dada yako heshima, hilo nalijua, na mimi nilijivunia ulivyosema. Sasa nakuomba uulize. Niulize mimi, kisha umuulize na yeye.

Nimefikiria na shida yake pia. Mapacha umri wao wa chekechea umefika, na iko moja karibu tu na jengo letu, nimekwenda kuulizia. Kila Ijumaa jioni nitarudi kwa treni, nikae nao mpaka Jumapili. Madame Fumi amekubali nimfanyie usafi Jumamosi. Haitatosha, lakini si bure. Ukisema hapana, nitabaki, wala sitanuna. Ila iwe hapana uliyoisema baada ya kunisikia mimi, isiwe ya kimya changu. Na ukisema ndiyo, nitumie na radhi yako, maana bila hiyo nitakwenda Liège nikiwa nimebeba sanduku tu.

Nisalimie Mama, na umsomee barua hii yote, hata sehemu zitakazomliza. Nisalimie Bibi mzaa Mama, mwambie khanga yake ndiyo ninayojifunika. Nisalimie dada yangu mkubwa na mume wake, na kaka anayekusaidia kupiga pasi nguo za wateja, asiunguze kola. Na mwalimu wangu wa madrasa, nisalimie kwa heshima zote.

Shangazi amepita sasa hivi akaniona naandika. Hakusoma. Amesema nikufikishie salamu zake, halafu akarudi kutoka mlangoni akasema niandike pia kwamba mgongo bado unamuuma. Nimeandika kwa sababu ni kweli. Na mimi nataka kwenda, Baba. Hilo nalo ni kweli.

Ni mimi, binti yako,
Zuhura