Ukurasa Uliofunga Karanga

Jumanne, 6 Agosti
Nimetwanga sombe, majani ya muhogo, karanga zikakosekana. Nimenunua kwa Mama Kavira, sokoni. Amezifunga kwa ukurasa wa kitabu cha Kifaransa: dini ya Buddha kwa wanaoanza, jinsi inavyofuatwa Tibet, nchi ya milima. Kitabu cha mapadri. Askari walivunja maktaba yao, sasa vitabu vinafungiwa karanga. Aibu!
Nimesoma hata hivyo. Wanasema aliyekufa hukaa njiani hadi siku arobaini na tisa kabla ya kuzaliwa tena. Jamaa humsomea kwa sauti, wakimwambia asiogope.
Leo ni siku ya thelathini na moja tangu mwanangu Paluku auawe.

Jumatano, 7 Agosti
Mama Kavira amenipa kurasa zilizobaki. Chache. Buddha alisema maisha yana mateso, na mateso yana chanzo. Hapo sina ubishi. Kisha: yanayompata mtu leo ni matunda ya matendo yake, hata ya maisha mengine.
Matendo gani? Akiwa na miaka sita, Paluku alimpa mbwa wa jirani yai lake la Pasaka. Eti mbwa naye alifunga Kwaresima. Alikwenda Manguredjipa kununua mawese. Watu wenye bunduki wakampiga risasi njiani, wakachukua baiskeli.
Ukurasa unaishia hivi: "Lakini hii haina maana kwamba..." Unaofuata haupo.

Jumapili, 11 Agosti
Katekista amekuja kunifariji baada ya misa. Mapenzi ya Mungu, akasema. Nikatoka nje, nikamwacha na chai yake.
Komanda wa jeshi naye aliniuliza juma lililopita: "Alikuwa anatafuta nini kule, mama?"
Kitabu, katekista, komanda. Wote watatu wanamtazama mtoto wangu. Hakuna anayemtazama aliyeshika bunduki. Nimechoka nao.

Alhamisi, 22 Agosti
Nautaka ukurasa ule unaokosekana. Nataka kujua kama hata huko mbali wanasema alistahili.
Mama Kavira alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Mama Paluku! Batu banakula karanga, weye unakula makaratasi!" Kisha akauona uso wangu. Akafunika karanga zake. Labda aliufungia karanga za wapakia mizigo wa uwanja wa ndege, akasema. Tukaenda wote wawili huko uwanjani, Rughenda, kwa miguu.
"Makaratasi? Tunawashaka nayo moto, mama. Pole," mpakia mizigo mmoja akasema.
Nimelia njiani. Kwa hasira, si kwa huzuni. Mama Kavira alinishika mkono mpaka nyumbani.

Jumamosi, 24 Agosti
Siku ya arobaini na tisa. Manyunyu tangu asubuhi.
Watu wa Tibet huwasha taa za siagi. Nimewasha ya mawese.
Mahali sentensi ilipokatika nimeandika kwa kalamu yangu: "aliyepigwa alistahili. Aliyepiga ndiye aliyepanda mbegu mbaya." Sijui kama ndivyo walivyoandika wao. Ndivyo nilivyoandika mimi.
Nikamsomea Paluku yote kwa sauti. Kifaransa kilimshinda tangu shule ya msingi, kwa hiyo nilitafsiri polepole. Nikamwambia: umekufa, mwanangu. Hukukosa kitu. Njia ile usiirudie. Nyingine utakayoiona, ifuate.
Kisha nikachemsha yai. Mbwa wa jirani amelila pamoja na ganda.