Kitufe cha "Niko Salama"

Ijumaa jioni, mtaani Kamenu

Najuta kuweka kile kitufe kwenye app yangu. Niliitengeneza kwa ajili ya maandamano: ukifika nyumbani unabonyeza "Niko salama", marafiki wanatulia.

Rafiki yangu Kamau alichukuliwa Jumanne na watu wasio na sare. Leo saa kumi jina lake likageuka kijani kwenye app. Mamake akanipigia kutoka mtaa wa Landless, analia kwa furaha. "Ngai! Amebonyeza! Si ni yeye?"

Nikasema ni yeye, mum. Ningesema nini?

Kisha nikamwandikia Kamau: uko wapi?

Akajibu hapo hapo. "Niko poa. Kwani wewe siku hizi unaishi wapi?"

Kamau ni jirani yangu. Vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Mamake bado ananitumia shukrani.