Niliiga sahihi ya mume wangu ili nyumba ipate joto

Shangazi Aurore, nakuandikia nikiwa nimechoka, na Mungu anajua mimi si mvivu. Nina miaka hamsini na sita, naishi huku bondeni, kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, na mume wangu Lionel na mama yake, Mama Exilda, mwenye miaka themanini na minane (majina nimebadilisha, usiyatafute), na nyumba yetu ni ya mbao, aliijenga marehemu baba mkwe, na hati bado ina jina la mama, hatukuwahi kushughulika nayo.

Kila mwezi wa kumi Lionel hukata matawi ya misonobari akayapanga kuzunguka msingi wote kuzuia upepo wa baridi, kama alivyofanya baba yake, lakini mwaka jana tulichoma galoni mia tisa za mafuta ya kupasha nyumba joto, dola nne kila galoni, na bado maji yaliganda kwenye glasi chumbani kwa mama, tukamhamishia kitanda jikoni, na huko ndiko analala mpaka leo, anasali rozari na glavu mikononi, punje zinamteleza, anasahau amefika wapi, anaanza upya. Nesi anayemtembelea kaniambia kwa upole kwamba akimkuta jikoni tena baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, ataandika kwamba nyumba haifai na mama ahamie kwenye nyumba ya wazee, maili arobaini kutoka hapa.

Sasa jirani yetu Jeannine, nyumba yake kama yetu, alijaziwa pamba ya kuzuia baridi darini, wakaziba nyufa zote na kuta za chini, kazi ikafika dola elfu kumi na mia mbili, na mpango wa jimbo ukalipa asilimia themanini kwa sababu kipato chake ni kidogo, na mafuta anayochoma yamepungua kwa robo nzima. Nikamwambia Lionel. Akasema, "Hizo ni sadaka. Sadaka wanapewa maskini."

Nikamwambia, "Na sisi ni nani, bwana, matajiri wenye soksi tatu mguuni?"

"Baba yangu aliishi humu miaka sitini kwa matawi."

"Na mama yako mwaka mzima jikoni."

Akatoka akaenda kukata matawi, mgongo wake mbovu vile vile. Basi nikajaza fomu peke yangu, na panapotakiwa sahihi ya mwenye nyumba nikatia ya Lionel, naijua kama yangu. Nimeungama kwa padri, akasema nimwambie mume wangu, nikasema ndiyo, baba, nikarudi nyumbani nikapika chapati za ngano nyeusi na sikusema kitu. Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nifanye nini, Shangazi?

Mke aliyechoka

SHANGAZI AURORE ANAJIBU

Pole, mdogo wangu. Kuvaa koti ndani ya nyumba yako mwenyewe kunachosha kuliko kazi. Lakini tusidanganyane. Mungu amekusamehe, ofisi ya jimbo bado. Na kibaya zaidi, umeghushi sahihi ya mtu ambaye sahihi yake haikutakiwa! Mwenye nyumba ni mama. Yuko hapo hapo jikoni, masikio mazima, na nyinyi wawili mnagombana juu ya kichwa chake.

Jumatatu asubuhi piga simu ofisini, omba fomu ile ifutwe wakupe mpya. Sema ulikosea kuhusu mwenye nyumba, na sema pia kwamba sahihi uliandika wewe, kisha uliza kama mkaguzi bado atakuja Alhamisi. Watakukaripia kidogo. Vumilia. Kabla ya simu hiyo, mwambie Lionel, akiwa amekaa na amekula.

Akirudia neno sadaka, mletee bili ya umeme umwonyeshe mstari wa senti anazokatwa kila mwezi kwa ajili ya mipango ya namna hii. Amelipia ya Jeannine, atashindwaje kukubali yake? Halafu mpigie hesabu: mkipata kama jirani, fungu lenu ni dola elfu mbili na arobaini, na robo ya mafuta mnayochoma ni kama mia tisa kwa mwaka. Majira mawili ya baridi na kidogo, zimerudi. Matawi yake hayajawahi kumrudishia kitu.

Lionel asiguse dari kabla ya mkaguzi kufika, hata kwa msumari mmoja. Kazi iliyoanza mapema hukosa marejesho, ile pesa ya mpango. Muulize fundi kama atakata marejesho kwenye bei au mtalipa zote kwanza na kusubiri, na kama fungu lenu laweza kulipwa kidogo kidogo. Muuza madirisha akibisha hodi, mfungie mlango. Dari na chini ya nyumba kwanza. Na nesi mwonyeshe tarehe ya ukaguzi, kwa maandishi, aone kuna kinachofanyika.

Kisha keti na mama mezani, mpe kalamu. Usimtajie asilimia wala galoni. Mwambie atarudi kulala chumbani kwake, halafu umwache asome fomu kwa mwendo wake, atie sahihi mwenyewe.