Ngozi ya Paja Kwapani

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Huku kwenye mashamba ya chai mvua haitupi nafasi. Usishtuke kusikia kwamba nakuandikia nikiwa hospitali ya misheni, njia ya Sotik. Mimi ni mzima.

Unajua tangu mafuta ya moto yaliponimwagikia, kovu lilivuta mkono wangu ukashikamana na mbavu. Kuchuma chai nilishindwa, nyapara akanipeleka kupalilia. Ndipo daktari Mzungu wa hapa akasema atakata kovu la kwapani, halafu azibe pengo kwa ngozi ya paja langu. Mama, sikumwamini. Ngozi ya paja itashika vipi kwapani? Na mbona bwana yangu Onyancha alikubali upesi hivyo? Jirani yangu Atieno aliniambia, "Wanataka kujifunzia kwako." Mimi nikawaza pia kwamba labda Onyancha anataka nife alete mwingine.

Nilimwambia nesi, msichana wa Kipsigis anayeitwa Chebet, "Sikubali dawa yenu ya usingizi mpaka bwana yangu akae mlangoni, aone ngozi yangu haipelekwi mahali."

"Akae tu," akajibu. "Lakini kiti hakuna."

Onyancha alisimama hapo mpaka nikatolewa.

Nilipoamka, mkono ulikuwa umefungwa kwenye ubao, umenyooshwa kando kama wa mtu anayezuia ng'ombe njiani. Nilidhani wamenifunga nisitoroke. Paja liliniuma kuliko kwapa. Siku walipofungua bandeji, kipande cha ngozi kilikuwa cheusi. Nikasema moyoni, haya, uongo umeonekana.

Daktari alitazama, akakaa kando ya kitanda. "Hapa imekufa," akasema. "Kwingine imeshika. Itabidi nirudie hapa padogo."

Nilingoja anilaumu mimi. Hakunilaumu. Nikamkubalia mara ya pili, ingawa Onyancha nilimrudisha mlangoni.

Sasa mkono unapanda mpaka usawa wa sikio, hauendi zaidi. Chebet ananilazimisha kuunyoosha kila siku, na bado namtazama kwa jicho la pembeni. Jana nilivaa blauzi peke yangu, bila mtu kunishikia mkono. Nilipomaliza vifungo niliketi kidogo, kisha nikaivua, nikaivaa tena.

Nisalimie kaka mkubwa, na shangazi aliyenilea, na wifi anayekusomea barua hii. Naomba asiruke neno.

Ni mimi binti yako,
Moraa