Birika la Wa Mwisho

Mpendwa Mwalimu Arthur,

Hapa Vällingby, Uswidi, bado natangaza sifa zako, na zangu kidogo. Kanisani nimewaambia kwamba kule Uingereza, kati ya vile vita viwili vya dunia, ulishindana na treni ukaishinda. Wewe ulitusimulia kwamba treni yenyewe ilikuwa imesimama stesheni. Hilo la kusimama siwaambii.

Nakumbuka ulivyotueleza maisha yako, sisi watoto wa misheni karibu na Bunia. Mchana uko kiwandani unashona viatu, jioni unakimbia kwenye matope umevaa kaptula aliyokushonea mama yako. Mkimbiaji wa ridhaa alikatazwa kupokea pesa, basi ukishinda unapewa vyombo vya nyumbani. Ukashinda saa, ukashinda vijiko, mpaka mama yako akasema, "Sasa shinda meza, tupate pa kuviweka!"

Birika moja linalong'aa, ulilolishinda pia, ukaja nalo Kongo. Tukimaliza mbio, ulimmiminia chai yule wa mwisho kwanza. "Huyu amekimbia muda mrefu kuliko ninyi wote," ulisema. Mimi, kila mtu anajua, nilikuwa wa kwanza daima. Chai yangu niliikuta imepoa siku zote.

Birika uliniachia mimi, na Jumamosi limefanya kazi. Neema, mtoto wa dada yangu, alikuwa wa mwisho kwenye mbio za shule. Alipofika, waandalizi walikuwa wameshaanza kukunja kamba za njia. Akajifungia chumbani, akasema kwa Kiswidi kwamba hakimbii tena maisha yake yote. Mama yake akabembeleza mpaka akachoka. Mimi nikapika chai, nikaketi mlangoni pake na birika lako, nikamweleza desturi yako.

"Ila unywe polepole," nikamwambia. "Kikombe cha kwanza kinaunguza ulimi, utamu unakuja baadaye."

Mlango ukafunguka kidogo. Safari hii akauliza kwa Kiswahili: "Mjomba, si ulikuwa wa kwanza kila siku? Ulijuaje kikombe cha kwanza kinaunguza?"

Nikakohoa. Mwalimu, mimi si mtu wa kukohoa.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanywa chai yote, kisha akamuuliza mama yake viatu vya mbio ameviweka wapi.

Sasa hivi yuko mazoezini, nami nimekaa dirishani, birika liko motoni. Huko uliko, wakikuuliza habari za mbio zangu, waambie tu chai yangu ilikuwa baridi.

Pumzika kwa amani, mzee wangu.

Mwanafunzi wako mwenye mbio,
Mjomba wa Neema